Na Trafiki Naye Ana Hesabu Yake

Kama umewahi kukaa kijiweni na bodaboda wa Mafinga, neno hesabu unalijua. Mwenye pikipiki ni bosi, dereva anaendesha, na kila jioni dereva anampelekea bosi kiasi walichokubaliana. Hiyo ndiyo hesabu. Mvua inyeshe, ukungu ugome kuondoka hadi saa nne asubuhi kama kawaida ya Mafinga mwezi wa saba, abiria wakose, hesabu iko palepale. Kaka yangu anaegesha Kinyanambo na hesabu yake ilikuwa elfu nane kwa siku, siku sita za wiki. Jumapili ilikuwa yake na Mungu, ingawa nadhani Mungu alipata kidogo. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, yaani ukipeleka hesabu miezi kumi na minane bila kukosa, chombo kinakuwa chako.

Mwaka jana, nilipotoka kwenye mazoezi ya kufundisha na kurudi nyumbani likizo, nilimkuta ameandikiwa mara mbili ndani ya wiki moja. Mara ya kwanza kioo cha pembeni kimoja hakipo. Mara ya pili abiria hakuvaa kofia ngumu. Kofia ipo, imening'inia kwenye usukani, mama wa watu kakataa kuivaa kwa sababu ametoka kusuka. Kila kosa elfu kumi. Mimi nikajifanya mwanasheria: "Kaka, si uweke tu hicho kioo?" Akacheka.

"Kioo nitaweka, mwalimu. Ila ujue na trafiki naye ana hesabu yake. Mimi ya kwangu naipeleka kwa bosi saa moja jioni, na yeye ya kwake anaipeleka kwa mkubwa wake. Sasa tukikutana saa kumi na moja, wote hatujafikisha, unadhani nani atamsamehe mwenzake?"

Nilichukulia kama maneno ya kijiweni. Wiki tatu baadaye alianguka. Ilikuwa Jumamosi jioni, hesabu haijatimia, akaona vizibao vinang'aa mbele barabarani. Kioo alikuwa ameshaweka, ila indiketa ya nyuma ilikuwa imekufa siku hiyohiyo. Akakata kona kuingia njia ya msituni, zile njia za malori ya magogo ndani ya mashamba ya miti ya Sao Hill. Hakuna aliyemfukuza. Alikimbia mwenyewe tu. Njia ilikuwa imechimbwa na matairi, giza linaingia, mguu ukavunjika chini ya goti. Pikipiki bosi akampa dereva mwingine, na miezi kumi na moja ya hesabu ikaenda nayo. Kaka anasema kosa ni lake. Na mimi nasema ni lake. Lakini si lake peke yake, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Niseme mapema kwamba haya si makala ya kuwatukana trafiki. Nina ndugu jeshini, na kusimama barabara kuu ya Iringa–Mbeya kwenye baridi ya Mafinga tangu alfajiri si kazi ya mchezo. Wala si makala ya rushwa. Ya rushwa yameandikwa mengi, humu humu kwenye jarida letu yamo. Mimi nataka kumwongelea askari msafi. Yule anayekuandikia kosa la kweli, anakupa namba ya malipo, ile ile aina ya namba tunayolipia ada hapa chuoni, na fedha yote inaingia serikalini. Huyo msafi ndiye anayenitatiza, kwa sababu hata tukiwamaliza wala rushwa wote kesho, bado yeye atakuwa palepale kizuizini saa kumi na moja jioni akitafuta kioo cha pembeni.

Sheria yenyewe haimlazimishi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973, na kifungu cha 95 kinamruhusu askari kukuandikia faini badala ya kukupeleka mahakamani, ukikubali kosa. Kinamruhusu. Wewe nawe unaweza kukataa na kusema twende mahakamani, ila nani wa Kinyanambo atapoteza siku nzima ya hesabu, na nauli, kubishania elfu kumi? Kwa hiyo kila kitu kinabaki kwenye dakika mbili za askari na dereva pale barabarani. Anaweza kusema "nenda kaweke kioo, kesho nikikuona hivi nakuandikia". Anaweza kuandika. Anaweza kufika mbali zaidi. Sheria imemwachia aamue, na uamuzi huo ndio kazi yenyewe ya polisi, kwa sababu mashine ya kuandika faini hata mtoto wa darasa la saba anaweza kufundishwa kuibonyeza.

Swali ni nini kinachomsukuma anapoamua.

Nilimuuliza mzee mmoja mtaani kwetu, askari mstaafu, mtu wa kanisa, ambaye sisi watoto tulikuwa tunamwogopa hata alipovaa kandambili. Nilimwamkia, nikakaa, nikazunguka zunguka kwanza kwenye habari za mahindi, kisha nikauliza: "Babu, hivi trafiki huwa wanapangiwa idadi ya makosa kwa siku?"

Akasema hapana. Akasema katika miaka yake yote hajawahi kuona barua inayosema lete makosa kumi. Kisha akanyamaza, akaongeza mwenyewe: "Lakini asubuhi mkipangwa kazi mnaulizwa jana mlileta ngapi. Mwenzako kaleta kumi na tano, wewe umeleta mbili. Unaulizwa, afande, ulikuwa umelala? Hapo tena unahitaji barua?" Nikamuuliza, na ukimpa mtu onyo inahesabika? Akaniangalia kama nimeuliza kama mvua inahesabika. "Onyo utaliandika wapi, mjukuu wangu?"

Nimelifikiria jibu hilo mwaka mzima. Askari aliyesimamisha pikipiki thelathini, akaeleza, akaonya, akawavua vijana wawili waliopakia mishikaki na kuwateremsha abiria wa ziada, akaandika makosa mawili tu yaliyostahili, kwenye karatasi ya jioni amefanya kazi ya makosa mawili. Aliyekaa kwenye kona na kuandika kumi na tano ya vioo na indiketa amefanya kazi mara saba na nusu zaidi. Nani kati yao atapandishwa? Na yule wa kwanza, akishaulizwa mara tatu kama alikuwa amelala, wiki ya nne atafanya nini? Hana haja ya kuwa mtu mbaya. Ana watoto, na anaogopa kuhamishwa.

Sasa angalia makosa yenyewe yanavyochaguliwa. Pale Mafinga kinachotisha barabarani kinajulikana na kila mtu: malori ya mbao na nguzo za umeme, mengine taa moja, mengine hayana taa za nyuma kabisa, yanatoka msituni usiku na kuingia kwenye barabara kuu inayokwenda hadi Zambia. Kumkamata mmoja wa hao ni kazi. Lazima ulisimamishe mahali pa usalama, umtafute mkaguzi wa magari, ukague breki, mzigo, karatasi, pengine ulizuie hadi kesho, na hapo katikati simu zitapigwa, maana lori lina mwenyewe na mwenyewe ana watu. Saa tatu zimekwisha. Umepata kosa moja, au mawili. Ndani ya saa tatu hizo hizo bodaboda wangapi wamepita? Bodaboda hana mtu wa kumpigia. Kosa lake linaonekana kwa macho, halihitaji mkaguzi, na kwenye jumla ya mwezi linahesabika moja, sawasawa na la lori.

Hapo ndipo kuhesabu kunapoharibu. Likishaingia kwenye jumla, kosa la lori lisilo na breki na kosa la kioo cha pikipiki yanakuwa na uzito mmoja. Na vitu vikiwa na uzito mmoja, mtu yeyote mwenye akili atachukua vile vya karibu.

Tarehe 11 Machi 2015 nilikuwa shule ya msingi. Siku hiyo, eneo la Changarawe, kilomita chache tu kutoka mjini kwetu, lori lililobeba kontena liligongana na basi lililokuwa linatoka Mbeya, na kontena likaliangukia basi. Walikufa watu zaidi ya 40. Watu wazima waliongea kwa wiki nyingi kuhusu mashimo ya barabarani ambayo dereva wa lori inasemekana alikuwa anayakwepa. Mama alitukataza kwenda kuangalia, tukaenda. Sitaeleza. Nataka tu kusema kwamba sisi wa Mafinga hatuhitaji kufundishwa umuhimu wa usalama barabarani, na hakuna mtu wa Changarawe atakayekuambia trafiki waondoke. Tunataka wawepo. Tunataka waangalie mahali kifo kinapotokea.

Kuna dalili kwamba hata wakubwa wanaiona faini kama mapato kwanza, usalama baadaye. Mnakumbuka, wenye umri wangu na zaidi, mwaka 2016 na 2017, Kanda Maalumu ya Dar es Salaam ilivyokuwa inawaita waandishi na kueleza majambazi waliokamatwa, na kwenye taarifa hiyo hiyo mamilioni ya faini yaliyokusanywa barabarani ndani ya siku kadhaa? Yalisomwa kama mafanikio. Sikumbuki kusikia kwenye taarifa hizo kwamba katika siku hizo ajali zimepungua kwenye makutano fulani. Na faini ya bodaboda na bajaji ilipopunguzwa kutoka 30,000 hadi 10,000, jambo jema ambalo kaka yangu alilishangilia kama goli, ilitangazwa wapi? Kwenye hotuba ya bajeti ya Waziri wa Fedha, Juni 2021, pamoja na kodi na tozo nyingine. Pengine kisheria ni lazima ipite huko. Lakini askari wa chini anasikia, na anaelewa yuko idara gani.

Ukichukua takwimu za polisi zinazotoka kila mwaka utakuta makosa makubwa, makosa madogo, na makosa ya usalama barabarani. Idadi ya haya ya mwisho ikipanda, unaweza kusema udhibiti umeimarika. Ikishuka, unaweza kusema madereva wameelimika. Ni namba ambayo haiwezi kumwangusha mtu yeyote mkubwa. Inamwangusha wa chini tu, kila asubuhi.

Jambo hili halikuzaliwa Mafinga. Polisi wa New York walianza mwaka 1994 mtindo wa kuwaita makamanda na kuwabana kwa takwimu za maeneo yao. Uhalifu ulipungua, na wengi wakausifia mtindo huo. Kisha askari mmoja wa kituo namba 81 cha Brooklyn, Adrian Schoolcraft, akarekodi kwa siri mikutano ya kupanga zamu mwaka 2008 na 2009. Gazeti la Village Voice lilipoziweka wazi mwaka 2010, watu walisikia wakubwa wakiwasukuma askari walete idadi, wakamate, waandike. Yaani asubuhi ile ile ya babu yetu mstaafu, kwa Kiingereza cha Brooklyn.

Mfano wa Uingereza ndio ulionigusa zaidi, kwa sababu sisi ni watu wa kufundisha watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali yao ilitaka idadi ya makosa yanayofikishwa kwenye vyombo vya haki iongezeke, hadi kufikia milioni 1.25 kwa mwaka ifikapo 2007/08. Nia nzuri kabisa, wahalifu wasitoroke. Ila kosa lilikuwa kosa. Kukamata mwizi wa kutumia silaha ni moja, na watoto wawili waliopigana nyuma ya darasa nao ni moja, tena hao hawakimbii mbali na wanakiri haraka. Mwaka 2006/07 watoto na vijana walioingia kwenye mfumo wa jinai kwa mara ya kwanza walikuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2008 lengo likabadilishwa ili makosa mazito yatangulie, na idadi ya watoto hao ikaendelea kushuka mwaka baada ya mwaka. Watoto wa Uingereza hawakupata tabia njema ghafla. Kilichobadilika ni karatasi ya mkubwa wa polisi.

Kwetu mtoto huyo wa nyuma ya darasa ni kijana wa kijiweni. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina makosa ya uzembe na uzururaji ambayo tumeyarithi kutoka kwa mkoloni. Mji wetu umejaa vijana waliokuja kutafuta kibarua cha kupasua mbao na kupakia malori. Wengi wanalala ghetto watu sita, wanakaa nje usiku kwa sababu ndani hapakaliki. Ukitaka kuonyesha kwamba msako umefanikiwa, mzururaji ni mali rahisi: hana upelelezi, hana shahidi, hana mwanasheria, na kosa lake ni kuwa pale alipo. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii hazipatani na Mkataba wa Afrika. Wangapi kati yetu tulisikia?

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa safi.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa Kiswahili kidato cha kwanza, mikondo miwili, darasa moja wanafunzi 70 na kidogo. Mwalimu aliyenipokea alikuwa mwema, lakini aliniambia siku ya kwanza: hakikisha kila mwanafunzi ana mazoezi yasiyopungua mawili kwa wiki yaliyosahihishwa, msimamizi wako akija atafungua madaftari na kuhesabu. Wiki ya kwanza nilitoa insha, "Siku Niliyoshangaa". Nilisahihisha madaftari 19, ikafika saa saba usiku, nikalala juu yake. Wiki ya pili nilitoa jaza nafasi. Wiki ya tatu jaza nafasi. Kweli au si kweli. Madaftari 140 ndani ya jioni moja, tiki tiki tiki. Msimamizi alipokuja alifungua, akahesabu, akanisifu mbele ya walimu. Nilifurahi.

Wiki ya sita niligundua kwamba kijana wa dawati la nyuma hawezi kusoma. Kidato cha kwanza. Jaza nafasi zote alikuwa ananakili kwa jirani, na mimi nilikuwa nimempigia tiki mara kumi. Insha ingemfichua siku ya kwanza. Insha yake ilikuwa kwenye yale madaftari 50 na zaidi ambayo sikuyafungua.

Kwa hiyo ninapomsema askari anayechagua vioo vya pembeni na kuliacha lori lipite, namsema mtu ninayemjua vizuri. Mimi nilichagua jaza nafasi. Hakuna aliyeniamuru. Nilijua tu kitakachohesabiwa.

Walimu walioko kazini wataniambia hili si geni. Shule ngapi zimewahi kumbana mwanafunzi dhaifu arudie darasa au akafanyie mtihani kwingine ili asishushe wastani wa shule? Baraza la Mitihani lenyewe, Januari 2023, liliamua kuacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Wengine walinung'unika, hasa shule za ada kubwa zilizozoea kubandika mabango. Mimi naona lilikuwa jambo la busara. Serikali ile ile iliyoelewa kwamba orodha inaweza kuharibu shule inaweza kuelewa kwamba jumla ya makosa inaweza kumharibu askari.

Nimebishana na rafiki yangu wa mwaka wa tatu kuhusu hili, na hoja yake ina nguvu. Anasema ukiondoa namba askari watalala kweli. Bila kipimo, mkubwa atampandisha mpwa wake, na wewe mnyonge unayedai haki utakosa hata karatasi ya kushika. Anasema pia kwamba elfu kumi inauma ndiyo maana kaka yangu aliweka kioo, na onyo lisingemfanya aweke. Kwenye hilo la mwisho ananishinda. Kaka alikiri mwenyewe.

Lakini sisemi wasihesabu. Nasema wahesabu na kitu kingine. Onyo liandikwe. Mashine ile ile inayotoa faini iwe na sehemu ya onyo: namba ya chombo, kosa, tarehe, bila fedha. Ukisimamishwa mara ya pili kwa kosa lilelile, mashine inaonyesha ulishaonywa, hapo uandikiwe bila kelele. Kwa njia hiyo yule askari wa makosa mawili na maonyo ishirini ana kitu cha kuonyesha asubuhi, na dereva hawezi kumdanganya kwamba kioo kimevunjika leo. Pili, kiasi cha fedha kisisomwe kabisa kwenye taarifa ya kamanda wa polisi. Asome Waziri wa Fedha, ndiyo kazi yake. Kamanda asome vipande vya barabara: kipande hiki mwaka jana walikufa wangapi, mwaka huu wangapi, tulifanya nini hapo katikati. Lori moja lililotolewa barabarani usiku litaanza kuonekana kwenye kipimo cha namna hiyo, kioo cha pikipiki hakitaonekana sana, na askari watahama wenyewe kutoka kwenye kona kwenda kwenye njia za msituni bila kuamriwa na mtu.

Tume ya Rais ya Haki Jinai, iliyoundwa Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai mwaka huohuo, na moja ya mapendekezo yake ni kulifanyia mabadiliko makubwa Jeshi la Polisi ili liwe chombo cha kutoa huduma. Kubadilisha jina ni rahisi, ni rangi na vibao tu. Mimi ningeanza na lile swali la asubuhi. Ilimradi bado linaulizwa "ngapi", hata mkiliita Huduma ya Polisi Njema ya Upendo, saa kumi na moja jioni kaka yangu atakata kona.

Amerudi barabarani, kama mnataka kujua. Mguu umeunga vibaya kidogo, baridi ikizidi anachechemea. Bosi mpya, mkataba mpya, mwezi wa kwanza ulianzia sifuri. Mwezi wa nne alinipigia simu kunisimulia kwamba amesimamishwa kizuizini, taa ya nyuma haiwaki, na askari, kijana tu, akamwangalia anavyoshuka kwa mguu ule, akamwambia, "Kaka, nenda kaweke balbu sasa hivi, fundi yule pale, nakuona." Hakuandika kitu. Kaka akaenda, akaweka balbu ya elfu moja na mia tano, akarudi kumwonyesha inawaka. Kisha akaniambia kwa sauti ya mtu mwenye wasiwasi kweli: "Sasa mwalimu, yule dogo jioni atasema nini?"

Kila mwaka kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani tunasikia elimu ya kofia ngumu, ya kuvuka zebra, na stika zinagawiwa. Mara nyingi mwisho wanaruhusu maswali, na sisi wasomi tunauliza bei ya leseni. Safari hii, nawaomba wenzangu, mmoja wetu ainue mkono na kuuliza kwa heshima zote: afande, mwezi uliopita mlitoa maonyo mangapi?